Roketi ya Mehjabin na Kisanduku cha Kufeli

Benchi lenyewe lilikuwa bodi la lori lililokufa zamani, limelazwa juu ya rimu mbili kwenye baraza ya duka la vifaa vya shule la Badrudin, Shinyanga mjini, na kila alasiri ya mwaka ule wa 1999 lilikuwa na wenyewe. Mwisho mmoja alikaa Masudi, fundi cherehani, ambaye mashine yake ilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, lakini mguu wake haukugusa pedeli kukiwa na mjadala. Walimwita Redio, kwa kuwa hakuna habari ya dunia aliyoikosa, na aliyoikosa aliitunga. Katikati alikaa Bujiku, dalali wa almasi wa Maganzo, aliyeingia mjini mwezi wa pili kumsubiri mteja na mpaka mwezi wa saba alikuwa bado anamsubiri. Huyo walimwita Karati. Mwisho wa pili, sikio lake zima likiwaelekea wenzake, alikaa Nkwabi. Alikuwa fundi baruti migodini kwa miaka ishirini na sita, akastaafu na sikio moja na tabia ya kusikiliza muda mrefu kabla ya kusema. Walimwita Baruti, naye hakupinga. Kahawa ilikuwa ya Mbuke, ya tangawizi, birika juu ya jiko la mkaa, kashata za karanga pembeni. Na Mbuke mwenyewe alikuwa haketi, bali husimama na kusikia kila kitu.

Alhamisi hiyo dirisha la nyuma ya benchi lilifunguliwa kwa kishindo, kisha Mehjabin akatoka barazani na karatasi mkononi. Alikuwa binti wa Badrudin, amerudi kutoka chuoni mwaka uliopita na kufungua darasa la kompyuta kwenye chumba cha dukani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, — Nkwabi alisema. — Mbona uso umekunjamana hivyo?

— Roketi yangu imekufa, mzee.

Masudi alikitua kikombe.

— Imekufa vipi na hamjairusha?

— Imekufa ndani ya kompyuta.

Roketi walikuwa wanaijua wote. Ilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, bomba la karatasi ngumu, mabawa matatu ya ubao mwembamba, kichwa alichokichonga seremala wa mtaa wa pili, na ndani mwavuli wa kitambaa wa kuishusha taratibu. Mehjabin alikuwa ameitengeneza na wasichana wa klabu ya sayansi wa shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji, alikokwenda kujitolea mara mbili kwa wiki. Injini zilikuja kwa meli, ndani ya mizigo ya mjomba wake, nazo zilikuwa mbili tu, kila moja unene wa betri ya tochi. Kwa kuwa zilikuwa mbili, hakuna aliyethubutu kuchoma moja kwa majaribio. Ndiyo maana Mehjabin alikuwa akiirusha kwenye kompyuta. Kulikuwa na programu humo. Ukiipa uzito, urefu na upepo, inakuchorea safari nzima ya roketi, kupanda na kushuka.

— Wiki nzima ilikuwa inaruka vizuri, — alisema. — Jana nikaona kisanduku ambacho sijawahi kukigusa. Maneno yake kwa Kiswahili ni kama... kufeli kwa bahati nasibu. Nikakitia tiki. Ikawa balaa. Mara ya kwanza mwavuli haukufunguka. Mara ya pili injini haikuwaka. Ya tatu ikaruka. Ya nne bawa likang'oka hewani! Na sijabadilisha kitu. Roketi ileile, upepo uleule.

— Na keshokutwa ndiyo siku yenyewe ya kuirusha shuleni, — Mbuke alisema.

— Keshokutwa. Wageni, wazazi, watu wa elimu. Na Mwalimu Eunice, mkuu wa shule, aliniambia mapema: ukiwa na shaka, iondoe kwenye ratiba, wasichana waimbe wimbo mwingine. Sasa nina shaka.

Akaketi kwenye ngazi ya baraza. Wasichana wale walikuwa wameifanyia kazi mihula miwili.

Redio hakuweza kungoja.

— Mimi nakwambia ni nini. Ni mambo ya mwaka elfu mbili. Si wanatangaza kila siku? Kompyuta zote zitachanganyikiwa tarehe ikigeuka. Hii yenu imeanza mapema.

— Mbona barua za Badrudin inachapa sawasawa? — Bujiku akauliza.

— Inachanganyikiwa kidogo kidogo, Karati. Inaanza na vitu vinavyoruka, halafu inashuka.

— Acha hizo. Hiyo ni gundu. — Bujiku aliweka mguu juu ya mguu. — Nimeona Maganzo kwa macho yangu. Shimo moja, watu wawili, sururu moja. Huyu anatoa jiwe la kung'aa, mwenzake anatoa mchanga mpaka ndevu zinaota mvi. Nini kama si gundu? Roketi yenyewe inaitwa nani?

— Haina jina, — Mehjabin alisema.

— Ndiyo hiyo! Inaruka kwa jina la nani sasa? Huko juu ikiulizwa?

— Nani wa kuiuliza?

— Mimi sijafika.

Masudi alikuwa amefumba macho, kama mtu anayetafuta stesheni.

— Jamani, nimepata. Hebu nisikilizeni. Kompyuta hairushi roketi ya huyu binti hata kidogo. Huko Amerika roketi za kweli zinarushwa kila saa. Hii inadaka mawimbi. Ya kule ikifeli, na hii inafeli.

— Kwa waya upi?

— Redio yangu ina waya?

— Kwa hiyo hiyo iliyong'oka bawa, — Bujiku alisema polepole, — kuna Mzungu analia sasa hivi.

— Analia! Na hajui kama Shinyanga tumemwona.

Mehjabin alicheka bila kupenda. Nkwabi peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama karatasi.

— Umeirusha mara ngapi, mwanangu?

— Ishirini, mzee.

— Zikafeli ngapi?

— Saba.

— Na hicho kisanduku, ndani yake hakuna namba?

Mehjabin alimtazama, akainuka, akaingia ndani. Sauti yake ikatokea dirishani.

— Zipo! Mwavuli, asilimia kumi. Injini kuwaka, asilimia kumi. Mabawa, asilimia kumi.

— Basi haijaharibika, — Nkwabi alisema. — Inapiga kura. Mbuke, una kopo?

Mbuke alikuwa na kopo la maziwa ya unga. Nkwabi akatia ndani punje tisa za karanga, na kutoka kwenye mfuko wa chakula cha jioni cha Mbuke akachukua haragwe moja, akalitupia humohumo.

— Hili kopo ni mwavuli. Karanga, umefunguka. Haragwe, umekataa. Kila safari programu inatia mkono bila kutazama, inatoa moja, inarudisha. Halafu inakwenda kwenye kopo la injini, halafu la mabawa. Karati, fumba macho, chota.

Bujiku akachota. Haragwe.

— Rudisha. Tikisa. Chota tena.

Haragwe.

— Mnaona? — Bujiku alianza kutokwa jasho. — Nimesema nini mimi? Gundu!

— Chota tena.

Akachota kwa ncha za vidole viwili, kama anayetoa mwiba. Lilikuwa haragwe lilelile. Bujiku alisimama, akakung'uta suruali yake nyuma na mbele, akasema yeye hachezi tena na chakula cha watu. Masudi akalichukua kopo. Alichota mara kumi na mbili, karanga tupu, akawageukia wote kwa uso wa mtakatifu.

— Moyo safi, — alisema.

— Karanga haikujui, Redio, — Nkwabi alisema. — Wala haragwe halimjui Karati. Mkichota mpaka kesho, mtakuta mmelingana. Lakini leo, kwa mara tatu au kumi na mbili, lolote linatokea.

Mehjabin alikuwa amerudi barazani, ameegemea mlango.

— Kwa hiyo haisemi kwamba Jumamosi itafeli?

— Jumamosi itaijulia wapi? Imekuonyesha siku ishirini tu, kila moja ingeweza kuwa Jumamosi. Saba ni mbaya.

Ndipo Mbuke, akipuliza mkaa, akauliza bila kugeuka:

— Na aliyetia haragwe moja kwa karanga tisa ni nani?

— Namba zilikuja na programu, — Mehjabin alijibu.

— Aliyeiandika, ameuona mwavuli wenu?

— Hajauona.

— Basi hayo ni maharage yake. Yenu je?

Nkwabi alimtazama Mbuke kwa heshima. Migodini alikutana na wahandisi ambao hawakuwahi kuuliza hivyo.

Ijumaa benchi lilikaa tupu kwa mara ya kwanza tangu mwaka mpya, kwa sababu wenyewe walikuwa uani kwa Badrudin. Injini hawakuweza kuzijaribu, lakini vya kuziwashia waliweza. Wasichana walikuwa wametengeneza viwashio arobaini kwa waya mwembamba uliopakwa unga wa vichwa vya kiberiti. Nkwabi aliviunga kimoja kimoja kwenye betri ya gari, akabonyeza swichi ya kengele, na kila kimoja kilipowaka alihesabu kwa sauti. Vilichomwa ishirini. Vitatu havikuwaka. Alivipasua, akaona nyaya mbili zimegusana chini ya unga.

— Umeme unapita njia ya mkato, — alisema. — Hivi vilivyobaki lazima vikaguliwe, ila kwa macho haya yangu sioni.

— Leta, — Bujiku alisema.

Alitoa mfukoni lenzi yake ya kukagulia almasi, akaibana jichoni, akavigeuza viwashio ishirini mwangani kimoja baada ya kingine, akiguna kama mbele ya muuzaji tapeli.

— Hiki safi. Hiki kina kasoro tumboni, tupa. Hiki safi. Huyu aliyetengeneza hiki alikuwa anasinzia.

Alikataa vinne. Nkwabi alichoma sita kati ya alivyovipitisha, vyote vikawaka, na Bujiku akasahau gundu lake lote la jana.

Mwavuli ulikuwa kazi ya Masudi. Walipanda darini, wakaukunja ndani ya bomba na kuurusha na jiwe dogo, mara ishirini. Mara nne uliteremka umejikunja kama soksi. Masudi aliukagua mshono, akautatua, akaushona upya kwa mkono, lakini bado kitambaa kilijishika chenyewe. Mama yake Mehjabin, Bi Rehmat, alikuwa akiwatazama kwa chini na kikapu cha nguo.

— Mnahangaika nini wazee wazima? Kitieni poda.

Akawaletea poda ya kujipaka. Waliupaka, wakaurusha mara thelathini. Ulifunguka mara ishirini na tisa, na uani kote kukanukia kama bibi harusi.

— Moja katika thelathini, — Mehjabin alisema, akiandika. — Ni kama asilimia tatu. Hayo sasa ndiyo maharage yetu.

Mabawa hawakujua wayapime vipi, wakayaongezea gundi na kuacha namba ileile ya programu. Mehjabin akarudi kwenye kompyuta, akaingiza namba mpya, akairusha roketi mara ishirini. Zilifeli tatu. Masudi alipiga makofi. Nkwabi akawa amesimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni.

— Sasa nionyeshe ile inayofeli, — alisema.

— Mzee, si tumeipunguza?

— Tumeipunguza. Haijaondoka. Unaweza kuifanya ifeli kila safari?

Mehjabin alifikiri, kisha kwenye mwavuli akaandika asilimia mia. Akarusha. Roketi ilipanda, ikainama kidogo kuelekea upepo unakotoka, ikageuza kichwa, ikashuka kama mkuki. Akarusha tena. Kila mara ilianguka upande uleule, upande wa upepo, hatua sitini hivi kutoka ilipoanzia.

— Upepo wa hapa unatoka mashariki, — Nkwabi alisema. — Mashariki ya uwanja wenu kuna nini?

Mehjabin aliweka mkono mdomoni.

— Turubai la wageni. Tuliliweka huko ili vumbi lisiwapate.

Walikwenda shuleni wawili, jua likiwa limeanza kulegea. Turubai lilikuwa limeshafungwa, viti vimepangwa, na Mwalimu Eunice, mama mrefu mwenye miwani ya kamba, alikuwa anaonyesha pa kuweka maua.

— Shikamoo, mzee wangu.

— Marahaba, mwalimu.

Mehjabin alieleza yote, haraka haraka. Mwalimu Eunice alisikiliza mpaka mwisho.

— Moja katika thelathini, — alisema. — Na hiyo moja lazima ipate na mtu wa kumwangukia. Mehjabin, kila siku navuka barabara kuu kwenye hatari kubwa kuliko hiyo. Nikilihamisha turubai kaskazini, wageni watakula jua la ubavuni asubuhi nzima. Ama turushe, ama tuache. Mimi naona tuache.

Mehjabin aliinamisha kichwa. Nkwabi alihisi maneno yakimpanda kifuani, maneno ambayo hakuwahi kuyatoa benchini wala nyumbani, na alishangaa kusikia yanatoka.

— Mwalimu, nina habari fupi.

— Sema, mzee.

— Mwaka sabini na nane nilikuwa mgodi mmoja upande wa Geita. Nilikuwa na mwenzangu, Selestine. Tulijaza mashimo kumi ya baruti, tukawasha, tukatoka, tukasimama kuhesabu milio. Ndiyo kazi yetu, kuhesabu. Mimi nikahesabu tisa. Selestine akasema kumi, mbili zimelia pamoja. Inatokea kweli, mwalimu, mbili kulia pamoja. Nikamwambia tungoje. Akasema, Nkwabi, baruti hizi tumezipiga mwaka mzima, imekataa ngapi? Nikafikiri. Haikuwa hata moja katika mia. Nikaona aibu kumzuia mtu kwa kitu kidogo hivyo. Akaingia.

Mwalimu Eunice alivua miwani.

— Haikuwa kumi, — Nkwabi alisema. — Sikuja kukwambia msirushe. Mimi nataka irushwe. Nimewaona wale wasichana wakiunga waya, wana mikono mizuri. Ninachosema, namba ikiwa ndogo, hiyo si sababu ya kusimama pale itakapoangukia.

Upepo ulitikisa kitambaa cha turubai. Mwalimu Eunice aliutazama uwanja wote, mashariki, kisha kaskazini, kisha akawaita wafanyakazi wa shule.

— Fungueni kamba. Tunahama. — Akamgeukia Mehjabin. — Na wageni walete kofia zao.

Njiani, walipofika kwenye reli, Mehjabin alisimama.

— Sikujua, mzee.

— Hakuna aliyejua. — Akatembea hatua kadhaa. — Ukiacha Selestine.

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa. Turubai lilikuwa kaskazini, hatua mia moja kamili kutoka kwenye roketi, Nkwabi alizipima mwenyewe kwa miguu, na mbele yake ilivutwa kamba ya kuzuia watu, betri na swichi zikiwa hapo. Roketi ilisimama kwenye fimbo yake, nyeupe na utepe mwekundu. Wasichana walihesabu kwa sauti moja, kumi mpaka sifuri, na Mehjabin akabonyeza swichi.

Hakikutokea kitu.

Mguno ulipita kwa wageni. Mtu alicheka. Masudi, aliyekuwa amevaa koti la harusi, aliruka kamba.

— Waya tu huo umechomoka! Nauona!

— Redio! Simama hapohapo!

Sauti ile hawakuwahi kuisikia kwa Nkwabi. Masudi alisimama na mguu mmoja hewani.

— Rudi nyuma ya kamba. Mehjabin, chomoa betri. Yote, nyaya zote mbili. Sasa tunangoja.

— Kitabu kinasema dakika moja, mzee.

— Mimi nimezoea nusu saa.

— Nusu saa! — Mwalimu Eunice alisikika kutoka kwenye turubai. — Mzee wangu, wageni wataungua!

Walikubaliana dakika kumi. Wasichana waliimba wimbo wao, wakaumaliza, wakaurudia. Nkwabi alisimama kwenye kamba akiitazama saa na kuikumbuka siku ile, ila leo hakuna aliyekuwa anamharakisha. Dakika ya kumi ilipokamilika alimwambia Mehjabin aushike mkononi waya wa betri asiuachie mpaka amwone amerudi. Kisha akavuka kamba peke yake.

Zilikuwa hatua mia moja. Alizitembea zote kwa mwendo mmoja. Alichutama ubavuni mwa roketi, akachomoa kiwashio, akakigeuza kwenye jua. Unga ulikuwa umepasuka, pengine wakati wa kukipachika. Hata lenzi ya Karati isingeliona hilo jana. Akapachika kingine taratibu, akafunga nyaya, akarudi. Alipovuka kamba, Bujiku alimshika bega.

Safari hii, betri ikishaungwa tena, Mehjabin alibonyeza kabla wasichana hawajamaliza kuhesabu. Ilitoka na mlio kama kanga elfu moja wameshtuliwa pamoja, mstari wa moshi ukasimama juu ya uwanja, na utepe mwekundu ukawa nukta, kisha ukapotea. Watu wote waliinua vichwa. Kwa muda ambao Nkwabi aliuona mrefu kuliko zile dakika kumi, hakukuwa na kitu juu isipokuwa anga. Halafu kitu cheupe kikafunguka huko, kidogo, kama ua la pamba.

— Umefunguka! — Masudi alipiga yowe. — Mshono wangu huo! Mshono wangu!

Vigelegele vilishuka kutoka kwenye turubai. Mwavuli ulielea magharibi, juu ya paa za madarasa, juu ya shamba la pamba iliyovunwa, wasichana wote wakiukimbilia, na Mwalimu Eunice, miwani mkononi, alikuwa anakimbia nao.

Alasiri benchi lilikuwa na wenyewe tena, na Mehjabin safari hii aliketi hapohapo kati yao, kikombe mkononi, poda bado kwenye kucha.

— Kwa hiyo kompyuta ilisema kweli au ilisema uongo? — Bujiku akaanzisha.

— Kweli, — Masudi alisema. — Ilisema kiwashio kitakataa, kikakataa.

— Ilisema pia kitawaka.

— Kikawaka! Kweli mara mbili.

— Hata mimi nikikwambia kesho mvua itanyesha au haitanyesha, nitakuwa nimesema kweli.

— Wewe huna kisanduku, Karati.

— Haikusema lolote, — Mehjabin alisema. — Ilituuliza tu. Sisi ndio tukajibu.

— Tukajibu kwa karanga, — Mbuke alisema, na wote wakacheka, Nkwabi zaidi yao, mpaka akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Alijisikia mwepesi siku hiyo. Alikuwa amewasimulia wenzake habari ya Selestine njiani kutoka shuleni, kwa maneno machache, na Redio, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hakuwa na la kuongeza.

Mama mmoja aliyebeba kapu la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, alisimama kivulini kupumzika. Alikuwa ametoka kijijini Didia tangu asubuhi, alisema anaitwa Klara, na alikuwa amekiona kitu kile kikipanda alipokuwa barabarani.

— Mwadila, — aliwasalimu kwa Kisukuma.

— Mwadila, mayu, — Nkwabi aliitika. — Karibu, mama.

— Nimekiona chenu. Kimepanda, kimepanda! Nikasema leo kinafika. Halafu nikaona kinarudi.

— Ndivyo kilivyotakiwa, — Masudi alimweleza. — Kipande, kirudi salama. Tumefanya hesabu siku mbili ili kirudi. Makosa yote yanayoweza kukipata tumeyajua, moja moja, kwa namba.

Klara alitikisa kichwa kwa kustaajabu. Akalitua kapu.

— Wabeja, asanteni. Na huko juu kilikwenda kufuata nini?

Masudi alifungua mdomo. Bujiku alimwangalia Masudi, akingoja. Mehjabin alisema, “Ni kwamba...” akaishia hapo, akatabasamu, akamgeukia Nkwabi. Nkwabi alitazama juu ya paa la duka la jirani, kule ambako asubuhi kulikuwa na mstari wa moshi. Hakuona kitu, na hilo halikumsumbua hata kidogo. Alijivuta pembeni, benchi likalia.

— Keti hapa, mama yangu. Mbuke, mpe mgeni kahawa.

Mbuke aliinamisha birika juu ya kikombe. Yakatoka matone mawili, na kipande cha tangawizi.